Shuka la Kitanda Kidogo

Kamanthe alikuwa akichomeka shuka chini ya godoro simu ilipolia mfukoni mwa aproni. Alijua ni Pauline, mwenye nyumba. Pauline aliishi Syokimau, na nyumba hii ya wageni hapa Machakos aliiendesha kwa kidole gumba. Wageni wa likizo waliitafuta kwenye simu, wakailipia kwenye simu, wakatumiwa namba za kufungulia kisanduku cha ufunguo kilichopigiliwa mlangoni. Walikuja, wakalala, wakaondoka. Hakuna aliyewahi kumwona Kamanthe, naye aliwajua kwa nywele walizoacha kwenye sinki tu.

"Mama Ndunge, uko?" Pauline alizoea kumwita kwa jina la bintiye wa kwanza. "Wale wa Krismasi wanaingia leo jioni. Ni bwana, bibi na mtoto. Wanauliza kama tuko na nailoni ya godoro. Mtoto bado analowesha."

"Iko."

"Sawa. Nakutumia picha yao umwonyeshe soja wa geti, asiwasumbue."

Picha ikaingia. Kamanthe aliisogeza mbali na macho, akaileta karibu, kisha akaketi juu ya kitanda alichokwisha kutandika, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikuwa ni Titus, mwanawe. Kando yake alisimama Waruguru, mkewe, na katikati yao, meno ya mbele yameng'oka, alicheka yule mtoto aliyepewa jina la nyanya yake: Kamanthe.

Na wiki iliyopita tu Titus alikuwa amempigia. "Mwaitu, mwaka huu pia hatutaweza. Kazi imenishika." Humwita mwaitu, yaani mama kwa Kikamba cha kwao, hata akiwa mbele ya wakubwa wake wa ofisini. Hakujua kwamba mamake anafanya kazi hapa. Alikuwa amemkataza kufulia watu nguo, naye alikuwa amemjibu kwamba ameacha.

"Wanataka kunishtukiza," Kamanthe aliuambia mto aliokuwa ameukumbatia. Watalala hapa leo, kesho waje nyumbani Muthetheni. Mwenye njaa ya mtoto hakosi sababu ya kujipikia.

Akainuka, akatandika kitanda kidogo. Aliweka nailoni kwanza, akaifunika kwa blanketi kuukuu ili mtoto akigeuka isipige kelele, halafu shuka. La pili alilikunja akalificha chini ya mto, wabadilishe wenyewe bila kumwomba mtu. Hayo alikuwa amejifunza katika nyumba hii. Watoto wa wageni hulowesha vitanda, na msafishaji mwenye adabu hufua akanyamaza.

Kwa watoto wa wageni aliijua adabu hiyo. Kwa wa kwake hakuijua.

Krismasi ya mwisho walipolala Muthetheni, mtoto aliamka amelowa chepechepe. Kamanthe alilikokota godoro hadi mbele ya nyumba, kando ya njia ya watu waendao kanisani, akaanza kupiga makofi. "Njooni na mitungi! Jina langu limechimba kisima kitandani! Serikali imeshindwa kutuletea maji, Kamanthe ameyaleta!" Majirani walicheka mpaka wakashikana. Nyanya na mjukuu ni watani, tena wa jina moja. Utotoni, susu, yaani nyanya yake mwenyewe, alimtania makubwa kuliko hayo, naye akakua. Lakini mtoto alijificha nyuma ya tangi hadi jioni. Waruguru, aliyelelewa kwingine, alikunja nguo zao akazitia begini. Tangu siku hiyo Titus akawa mtu wa kushikwa na kazi.

Ulimi hauna mfupa. Na wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wake alikuwa na miaka minane na jina lake mwenyewe.

Angeweza kuwasubiri mlangoni. Alisimama pale kitambo, aproni mkononi, akaufikiria uso wa Waruguru, akaogopa. Akarudisha ufunguo kisandukuni, akamwonyesha soja picha, akaenda zake.

Siku ya Krismasi hakwenda kanisani, wasije wakakuta mlango umefungwa. Jogoo alikuwa amefungwa mguu tangu alfajiri. Kitanda cha mtoto kilikuwa tayari, na godoro lake jipya halijatolewa karatasi. Saa sita ikapita. Chapati zikapoa. Simu ikalia.

"Mwaitu, Krismasi njema!"

"Njema, mwanangu. Mko wapi?"

"Tuko tu hapa Nairobi. Si unajua kazi."

Nyuma ya sauti yake geti lilifunguliwa, likalia kama mbuzi anayevutwa sokoni. Kamanthe alilijua geti hilo. Kila wiki alilipaka mafuta, na kila wiki lilimshinda. Maneno yakamjaa kinywani: najua uliko, mlete tu, sitasema kitu, naapa sitasema kitu.

"Msalimie Kamanthe," akasema. "Mwambie susu yake anamsalimia."

"Atasikia, mwaitu."

Akatoka nje akamfungua jogoo. Jogoo hakukimbia hata, alisimama akimtazama.

Kesho yake alirudi kazini akakuta wageni wameshaondoka. Walikuwa wameacha vyombo safi na sakafu imefagiwa. Shuka la kitanda kidogo halikuwa kitandani. Alilikuta bafuni ndani ya beseni, limesuuzwa na kufichwa chini ya taulo. Kamanthe alipiga magoti akalifua upya, akalia, wala hakujizuia.

Simu ililia mikono ikiwa na povu.

"Mama Ndunge, umenibeba! Yule mama ametupa nyota tano. Ngoja nikusomee ameandika nini. 'Aliyetandika kitanda cha mtoto aliweka nailoni isiyopiga kelele, na shuka lingine chini ya mto ili tusiombe. Mtoto wetu hakuona haya hata kidogo. Tafadhali mshukuruni.' Umesikia hapo?"

Kamanthe alilitazama shuka ndani ya beseni.

"Mama Ndunge, uko?"

"Niko."

"Wanasema watarudi Pasaka. Wamependa hapo sana. Utakuwepo?"

Kamanthe aliufuta uso kwa kiwiko. "Nitakuwepo," akasema. "Nitamtandikia."

Alilikamua shuka akalipeleka kwenye kamba ya mbele, palipokuwa na jua zuri. Alipomaliza kulibana, watu wawili walipita barabarani, wakageuza nyuso upande wake. Hawakuwa wakitazama chochote. Walikuwa wakipita tu. Kamanthe akalianua shuka, akalizungusha nyuma ya nyumba, akalitandaza kwenye ua kando ya tangi, mahali ambapo jua hufika kwa kuchelewa. Kisha akageuza ndoo, akaketi kando yake, akangoja likauke.