Sponji ya Wifi

Shangazi, fundi cherehani, alijaribu gauni alilojishonea kwa harusi ya binti yake. Lilimlegea kushoto, pale alipokatwa titi kwa ajili ya saratani. Wifi yake akaingia na kipande cha sponji.

"Jaza hapo. Ukikaa mbele hivyo wageni watasema nini?"

"Watasema gauni limeshonwa vibaya. Hilo godoro lako rudisha kitandani."

"Basi ukae nyuma, usituaibishe."

Yule binti Shangazi amemlea peke yake. Niliendelea kuokota pini sakafuni.

Shangazi akanirushia futi. "Mwanangu, nipime. Kila upande na kipimo chake."

Nikampima, nikipitisha futi juu ya kovu. Akalifumua gauni, akakata kitambaa kilichozidi, akashona. Alipolivaa tena lilimkaa barabara: kulia pamejaa, kushoto bapa kama meza.

"Ndiyo umeamua?" wifi akauliza.

"Kitambaa kimeshakatwa, wifi yangu. Sasa sponji haiingii hata uisukume kwa ngumi. Na kiti changu ni cha mbele."

Kisha akamnyang'anya ile sponji, akaiweka kando ya cherehani na kuchomeka pini zangu zote humo.