Bingwa wa Dirishani

Usiku wa jana niliota nimepelekwa semina. Wenzangu huota wanaruka angani au wanaogelea kwenye soda. Mimi Subilaga, hata usingizini natafutiwa kazi.

Niieleze kwanza hiyo kazi, maana bila yake ndoto haitaeleweka. Nina duka la makombe Mwanjelwa, hapa Mbeya. Shule ikifanya michezo, kwaya zikishindana, ofisi ikimuaga mhasibu wake, wanakuja kwangu kuchukua vikombe, ngao na medali, nami nawachongea majina. Sasa, kombe tupu haliuziki. Mteja akiliona halina jina, analitazama kama anatazama sufuria. Kwa hiyo kila kilichopo dirishani kwangu nimekichonga jina la mtu mmoja ambaye hayupo duniani: Lutengano Mwasulama. Nilimtunga nikiwa nakunywa chai. Nikaulizauliza mjini mpaka nikahakikisha hakuna mwenye jina hilo, asije mtu kunidai kombe lake. Lutengano ndiye golikipa bora, mpishi bora, bingwa wa drafti, muuguzi mwenye utumishi uliotukuka, na mfugaji bora wa ng'ombe wa maziwa. Hakuna mteja aliyewahi kuuliza mtu mmoja anayaweza vipi yote hayo.

Basi, niko mlangoni mwa ukumbi mkubwa. Juu pameandikwa MAONYESHO NA MAFUNZO YA WATU WA MAKOMBE. Mlinzi ni medali ya shaba, ananing'inia kwa utepe wake mwenyewe, na pembeni yake kuna mizani. Ananiambia kanuni ya kazi yetu ni kwamba kombe lisimzidi mshindi uzito, kwa hiyo kila anayeingia anapimwa na kombe. Napanda upande mmoja. Kombe linaruka juu, mimi nashuka mpaka chini.

Akasema nimefaulu, tena nimefaulu mno. Ile "mno" sikuipenda.

Ndani mabanda yalikuwa mengi. Kwenye banda la kwanza mashine ya kuchonga kwa leza ilikuwa inajiuza yenyewe. Ilinisalimia vizuri, ikaniomba kidole ili inionyeshe kazi yake. Nikaficha mikono. Banda la pili medali za fedha zilikuwa zimekaa kwenye mkeka zinamsengenya dhahabu, kwamba ile ni rangi tu, ukimkwaruza kidogo utaona ni mwenzao. Ningependa kukaa nisikilize, maana ni kweli, lakini kengele ikalia tukaitwa darasani.

Mkufunzi wetu alikuwa ngao ya mbao ya mninga, ndefu kuliko mlango. Alifundisha akiwa ameegemea ukuta kwa sababu ngao haisimami yenyewe. Alisema siku hiyo tutajifunza kanuni moja tu, maana anatujua wenye maduka, tukipewa mbili tunasahau zote. Kanuni ni kwamba jina halitangulii ushindi. Mtu ashinde kwanza, ndipo achongwe.

Nilikuwa nataka kunyoosha mkono niulize habari za makombe ya dirishani. Sikuwahi, kwa sababu mlango ulifunguliwa na Lutengano Mwasulama akaingia.

Nilimtambua papo hapo, ingawa uso sikuwahi kumpa. Alikuwa mrefu, mwembamba, amekumbatia makombe yasiyo na idadi, na shingo imempinda kwa medali. Kila akipiga hatua alilia kama beseni la vyombo. Akaja moja kwa moja mpaka kwangu.

"Shikamoo, mama," akasema.

Nilimwambia mimi sijafika hata arobaini, na yeye amegonga kichwa mlangoni, huo umama unatoka wapi. Akasema hana mwingine wa kumwita hivyo. Nikaitikia marahaba.

Nyuma yake alikuwa anakuja Bibi Msasa. Ni msasa hasa, karatasi ile ya kusugulia chuma, ila amejifunga khanga na ana adabu kuliko watu wote niliowahi kukutana nao. Alinipa pole kwanza. Kisha akaeleza kwamba kila jina lililochongwa bila ushindi analifuta yeye, na ukumbi unafungwa jioni ile. Kama Lutengano atashinda kitu kimoja cha kweli kabla ya kufungwa, awe wa kwanza, wa pili au wa tatu, atamwacha. Asiposhinda, atamsugua. Na huyu hana mwili wala ukoo wala kijiji. Yeye ndiye hilo jina. Likifutwa, basi.

Unaweza kusema mtu mwenyewe nimemtunga kati ya chai na kitumbua, lakini ni wangu. Sikutaka asuguliwe.

"Mama, kwani mimi najua nini?" Lutengano akaniuliza.

"Kila kitu. Imeandikwa."

Akaniamini. Ndicho kilichoniuma.

Tukazunguka nyuma ya banda la riboni, tukatokea jikoni kwangu. Ni jiko langu kabisa, hata kaango lile lenye mpini uliolegea ni langu, na hakuna aliyeniomba ruhusa. Lutengano, mpishi bora, anapewa mchele apike. Anauliza kama unamenywa. Anaanza kuumenya punje moja moja kwa kisu, kwa moyo mmoja, mpaka moto unazimika. Waamuzi walikuwa vijiko vitatu. Viwili vilikataa kuonja, cha tatu kilionja kikapinda.

Nikafungua bomba ninawe mikono, tukawa kwenye uwanja wa mpira. Golikipa bora aliambiwa alinde goli. Akaikumbatia nguzo kwa mikono miwili na hakuiachia mpaka filimbi ya mwisho. Goli halikuibwa. Mabao yaliingia mengi tu, ila goli lilibaki palepale, na alishangaa kwa nini hatumpongezi.

Kwenye drafti kete ziligoma. Ni vifuniko vya soda vile tunavyovijua, vikasema haviwezi kutumwa na mtu asiyejua vinakokwenda. Kwenye uuguzi alizimia kabla ya mgonjwa. Kwenye mifugo tukaletewa ng'ombe mweusi mwenye madoa, akamtazama Lutengano kuanzia juu mpaka chini, akamuuliza walionana wapi. Lutengano akasema hawajawahi kuonana. Ng'ombe akasema hata yeye ndivyo anavyokumbuka, akaondoka zake na maziwa yake.

Jua lilikuwa linashuka. Bibi Msasa alikuwa anatufuata taratibu, akisema samahani kila tukigeuka.

"Limebaki shindano moja," Mkufunzi Ngao akatangaza. "Mbio za magunia."

Paa la ukumbi likaondoka, sakafu ikaota nyasi, na mistari ya chokaa ikajichora. Waliojiandikisha walikuwa wanne: medali mmoja wa fedha, kombe moja refu, sanamu ya mkimbiaji, na Lutengano. Aliweka makombe chini, lakini medali alikataa kuzivua shingoni, akasema bila hizo watu watajuaje yeye ni nani. Mkufunzi akahesabu akasema mbio ni watu watano, mwenye duka ajaze nafasi. Mwenye duka ni mimi. Nikapewa gunia.

Hapo ndipo nilipotaka kufanya ujanja. Nilijua nikijikwaa kidogo tu, kiungwana, nitakuwa nimemwongezea mwanangu nafasi. Bibi Msasa akaniinamia sikioni. Alisema anaona ninachofikiri, na ushindi wa kuachiwa haushiki kwenye chuma, yeye anaufuta kwa kidole.

"Kama unampenda, kimbia kweli," akasema.

Na magunia, jamani, ndiyo mchezo wangu. Nikiwa shule Tukuyu nilikuwa sishikiki.

Filimbi inalia. Medali wa fedha amejilaza ndani ya gunia lake anabingirika. Kabla sijameza mate amefika. Kombe refu nalo limezaliwa na mguu mmoja, kwake gunia ni nguo ya kila siku, linaruka tu, limefika la pili. Sanamu ya mkimbiaji, iliyojisifu mchana kutwa na mguu wake hewani, haijatoka kwenye mstari, kwa sababu ule mguu mwingine umefungwa na skrubu. Imebaki nafasi ya tatu, na tumebaki mimi na Lutengano.

Niko mbele.

Naruka, natua, naruka. Nyuma nasikia medali zinagongana na mtu anahema kwa tabu. Nataka kulia. Nikipunguza mwendo namuua, na nisipopunguza namuua vilevile. Sijawahi kushindana na mtu huku namwombea anishinde. Namwombea, na bado naruka kwa roho yangu yote, kama vile kuna mtu ameniambia nyumbani kwangu kunaungua.

Nasikia kitu kimeanguka kwenye nyasi. Nageuza shingo. Lutengano ameachia gunia kwa mkono mmoja na anavua medali. Hiyo iliyoanguka ni ya golikipa bora. Inafuata ya mpishi. Ya drafti inamnasa sikioni, anaing'oa. Ya mfugaji anaitupa bila kuitazama, nadhani bado ana kinyongo na yule ng'ombe. Ya muuguzi anaishika kidogo. Hiyo aliipenda. Kisha anaiacha nayo, na shingo yake inanyooka, na kila akiruka sasa anatua mbali zaidi ya mwanzo.

Niliongeza. Haki ya Mungu niliongeza, nikatumia hata nguvu za chakula cha kesho. Tukawa bega kwa bega. Mstari huu hapa, na mimi najirusha, naye anajirusha, na pua yake inavuka kabla ya yangu.

Tulianguka wote wawili. Bibi Msasa akaja, akainama, akapitisha kidole kwenye kifua cha Lutengano palipochongwa jina lake. Akasugua. Halikutoka. Akasugua kwa nguvu zaidi, mimi nimeshika mdomo. Halikutoka. Akajikunja vizuri kama leso, akatuaga kwa adabu zake zote, akaenda.

"Wa tatu," Mkufunzi Ngao akatangaza, "Lutengano Mwasulama."

"Wa ngapi?" Lutengano akauliza.

"Wa tatu."

Akamwomba arudie. Alirudia mpaka mbao ikapata ufa. Yule mtu ambaye dirishani kwangu hakuna asichokishinda alikaa kwenye nyasi, gunia limemfika kiunoni, akacheka na kulia kwa pamoja. Mimi wa nne, sina nafasi wala sina chochote, nililia kumzidi. Asiyekubali kushindwa si mshindani, wahenga walisema, lakini hawakusema kama unaruhusiwa kufurahi kiasi kile.

Kisha akataka kikombe chake. Tukazunguka mabanda yote. Kila banda lina makombe marefu kama kabati, yote yameandikwa BINGWA. Cha mshindi wa tatu hakuna. Mashine ya leza ilisema inalijua hilo neno, ila kwenye maonyesho haijawahi kuombwa kuliandika. Katika maonyesho mazima ya watu wa makombe, hakuna aliyekumbuka kwamba kuna mtu anaweza kuwa wa tatu na akafurahi.

Nilimwona Lutengano anaanza kunywea. Nikamwambia aache unyonge, mama yake ana duka. Nikafungua mdomo nimwelekeze, kwamba ukifika Mwanjelwa ulizia njia ya kwenda sokoni, halafu ukishaliona duka la mabati unageuka kulia.

Nikaamka.

Kumekucha kabisa. Gwakisa, mume wangu, amekaa ukingoni mwa kitanda anajisugua ugoko. Alisema hajui usiku nilikuwa wapi, anachojua ni kwamba nimempiga mateke ya miguu miwili iliyoungana mpaka asubuhi. Nilikuwa nimeanza kumweleza habari za semina simu yangu ikaita. Namba siijui.

Alikuwa mwanamume, na alikuwa anahema kama ametoka kukimbia sasa hivi. Akaniamkia. Akauliza kama nina vikombe vidogo. Nikaanza kumtajia vya saizi mbalimbali, kama ninavyowafanyia wateja wote, akanikata kwa upole. Alisema anataka kidogo kabisa kilichopo, kiandikwe mshindi wa tatu, mbio za magunia. Alilitamka hilo "wa tatu" polepole, kama mtu anayekula kitu kitamu na hataki kiishe.

Nikasimama. Gwakisa aliniuliza kuna nini, nikamwashiria anyamaze. Nikamwambia mteja vikombe vipo, anitajie tu jina la kuchonga, tena alitaje vizuri nisije nikakosea.

Nikamsikia anacheka.

"Jina si ulinipa wewe, mama?"

Nikamwambia aje, na kwamba hiki sikipeleki kwenye mashine, nitakichonga kwa mkono.