Meza ya Futi Tisa

Jogoo alikuwa hajawika Kwandu aliposikia futi ya chuma ikivutwa, krrr, kisha ikajirudisha ndani, tap. Sauti ilitoka upande wa pili wa ua wa minyaa, nyumbani kwa Ng'washi, mke mwenzake. Kisha akamsikia Ng'washi akicheka.

Aliyekuwa akimchekesha ni Luhaga, na Luhaga alitoka tumboni mwa Kwandu.

Tangu mume wao Mayige afariki, wajane hao wawili waliishi kila mmoja kwenye nyumba yake, wakisalimiana vizuri na kutembeleana mara chache. Ng'washi hakujaliwa mtoto. Luhaga alikuwa seremala mjini Bariadi, na sasa alitaka kujiundia mashine ya kuchonga milango, ile ambayo mafundi huiita sienisi. Kompyuta inaamuru, mota inatembea juu ya daraja la chuma, na kisu kinachonga ua lolote ulilolichora. Mwenye nyumba wa mjini hakutaka vumbi, basi Luhaga akaja kutafuta nafasi kwao. Jana alikula ugali wa mama yake, akanawa mikono, akaenda kupima kwa mwingine. Usiku alirudi kulala tu, na kabla hakujapambazuka kitanda chake kilikuwa kitupu.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kwandu aliona uchungu ni wake na mwana ni wa jirani. Akajifunga kitenge, akavuka ua.

Viti vya Ng'washi vilikuwa vimetolewa nje. Luhaga alikuwa amepiga magoti sakafuni, ameshika chaki, amechora umbo la meza. Katikati ya umbo hilo alikuwa amelaza mlango.

"Mwangaluka, mayu," akamwamkia mama yake.

"Mwangaluka. Kwani kwangu hakuna sakafu?"

Luhaga akaeleza kwa upole kwamba meza inataka futi tisa, pamoja na njia ya kupita pande zote, na sebule ya mama yake haifiki. Kwandu akasema sebule yake imefikia kumlea yeye mpaka akaota ndevu. Ng'washi aliinama akaokota ufagio, ingawa pale hapakuwa na cha kufagia.

Ikabidi Luhaga ajitwike ule mlango mpaka kwa mama yake. Akapima, akachora. Futi tisa ziligonga ukuta.

"Punguza," Kwandu akasema. "Mlango ni futi saba. Meza ya futi saba itaubeba."

Akachora ya futi saba, akalaza mlango. Ukakaa sawasawa, na Kwandu akapiga makofi. Ndipo Luhaga akachukua ubao mpana, akaupigilia msumari ubavuni, akasema ubao ndio daraja na msumari ndio kisu. Akausukuma taratibu juu ya mlango. Ubao ukafika mwisho wa meza, na msumari ulikuwa bado nyuma, haujafika mwisho wa mlango.

"Daraja lenyewe linakula nafasi, mayu. Mlango utabaki na kipande kisichochongwa, kama mtoto aliyeogeshwa nusu."

"Basi chonga vigoda."

Luhaga alitazama chini. Milango ndiyo waliyokuwa wakimwagiza, watu waliokuwa wakijenga nyumba huko Lagangabilili. Lakini alikuwa mtoto aliyelelewa akaleleka.

"Sawa, mayu. Nitachonga vigoda."

Kwandu alikuwa ameshinda, na ushindi haukushuka kooni. Akamwambia wakaurudishe mlango wa watu, akashika upande mmoja yeye mwenyewe. Walipofika kwa Ng'washi, ndipo alipoona tundu ukutani, pale mlango ulipong'olewa, na macho mekundu ya mwenzake.

"Ng'washi, ulilalaje?"

"Nilikaa, dada. Nilikuwa na fimbo, mbwa wakija nawatishia. Luhaga alitaka kuurudisha mlango jana jioni, nikamwambia asihangaike na bawaba kwa usiku mmoja."

"Mbona hukung'oa wa kwangu?" Kwandu akamgeukia Luhaga.

"Una kifua, mayu. Baridi ingekuumiza."

Kwandu akauegemeza mlango ukutani. Wivu ulikuwa bado umemkaa, lakini sasa aliuonea aibu.

"Meza iwekwe hapa," akasema. "Futi tisa. Ila kula, atakula kwangu."

"Mchana tu," akasema Ng'washi. "Chai ya asubuhi ni yangu."

"Umeanza."

Luhaga aliwaacha wabishane, akaanza kukaza bawaba. Mlango ulipokwisha kukaa, Kwandu akaaga. Ng'washi alimsindikiza hadi kwenye minyaa, akamshika mkono.

"Dada, leo umemfuata yeye. Siku akiwa hayupo, njoo tena, unitembelee mimi."