Bato ya Chuma Haiogeshwi Ndani

Neno lilitoka Puta, likashuka na wauza samaki mpaka soko ya Nchelenge, likaingia katika masikio ya Marlène na likakataa kutoka: bato ya chuma, mashua kubwa, ilipinduka kule siku yake ya kwanza, ziwa likiwa limetulia, bila upepo hata kidogo, na fundi aliyeiunga akafia ndani. Watu walisema chuma inataka mutu mmoja mbele ya kukubali maji.

Kwa mama mwingine hiyo ingekuwa habari ya kusikia na kusahau. Lakini mutoto wa Marlène, Gloire, wa miaka ishirini na sita, ndiye aliyekuwa anaunga bato mupya ya askari wa ziwa. Bato zao ine za mbao zilikuwa zimezeeka. Askari mumoja aliongoza, wawili walichota maji yaliyovuja ndani, na wezi wa nyavu waliwapita wakiwacheka. Hii mupya ilikuwa ya rangi ya majivu, ndefu kama kanisa, na moteri mbili. Watu waliiita Manowari. Gloire aliiunga miezi minane. Na desturi ya ufuko ule inajulikana: mwenye kujenga chombo ndiye anaingia wa kwanza siku ya kukishusha, na hatoki mpaka kirudi. Akikataa, hakuna atakayemupa kazi tena.

"Gloire, sema uko na malaria," Marlène alimuomba.

"Malaria kwa bato yenye niliunga mwenyewe? Nani atapanda kisha, mama?"

Marlène alijiambia: kama mutoto hawezi kutoka ndani ya bato, basi kifo ndicho kitatoka.

Kesho yake alimufuata Didier, muuza samaki wa Mununga, aliyekuwa Puta siku ile.

"Usiniambie ya pepo," alisema. "Niambie yenye uliona na macho."

"Mama Gloire, mi niliona batu banafurahi. Bazee balimwanga maji ndani, ndoo na ndoo, vile tunafanyaka kwa bato ya mbao, mbao ivimbe, matundu ijifunge. Asubuhi bakaishusha. Ikageuka kidogo kwa kuume, ikalala. Haikuamuka."

"Na ile maji, balitoa mbele ya kuishusha?"

Didier akakuna kichwa. "Eh! Sikuona mutu anatoa."

Marlène alirudi kwake na beseni ya maji kichwani. Alikuwa amebeba maji tangu akiwa na miaka sita. Bidoni iliyojaa mpaka mdomoni ni nzito, lakini inatulia. Beseni ya nusu ndiyo inamuangusha mutu: ukiinama kidogo upande huu, maji yote yanakimbilia upande huo huo na kukuvuta. Akasimama katikati ya njia.

"Kumbe si pepo," alisema kwa sauti, na mbuzi moja ikamuangalia.

Siku ya kushusha Manowari alifika ufukoni mbele ya pasta kuja kuibariki. Nkonde, mzee wa zile bato ine za zamani, sasa kiongozi wa hii mupya, alikuwa amevaa viatu vyeupe.

"Ba Nkonde, mulimwanga maji ndani?"

Mzee akacheka kwa raha. "Bamayo, mama yangu, ndoo mia mbili! Tangu jana. Haitavuja hata tone."

"Chuma inavimba?"

"Desturi ni desturi."

"Nauliza: chuma inavimba?"

Watu wakaanza kucheka. Gloire akakuja mbio, uso umekunjamana. "Mama, unanipatisha haya mbele ya bashefu."

"Haya inakauka, mutoto yangu. Ziwa haikauke."

Marlène akajaza beseni nusu. "Ba Nkonde, wewe ni mwanaume ya nguvu. Beba hii, kisha geuka mbio, vile bato itageuka."

Mzee hakutaka kushindwa mbele ya askari wake. Akabeba, akageuka. Maji yakakimbilia upande mumoja, yakamuvuta, yakamwagika begani mpaka ndani ya viatu vyeupe, na mguu wake ukatafuta ardhi.

"Ba Nkonde amebatizwa!" mutu mumoja akapaza sauti.

Gloire peke yake hakucheka. Alikuwa ameona mzee alivyoyumba. Akapanda bato, akafungua mufuniko wa chini, akaangaza na simu. Aliposhuka, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Maji inafika mu magoti. Mi nilifunga mufuniko juzi, sikufungua tena; bazee balifungua jana bila kuniambia."

"Basi tutoe nusu," Nkonde alisema, akikamua suruali. "Bakubwa banangojea."

"Nusu ndiyo inaua!" Marlène akaenda kukaa juu ya kamba ya kuvutia bato, miguu ameinyoosha. "Hapana kuvuta mpaka chini inakauka. Munataka kunivuta na mimi, muvute."

Hakuna aliyemuvuta. Wakapeana ndoo, kisha vitambaa, mpaka saa nane ya muchana. Wakubwa wa serikali walikula ubwali, ule ugali wa huko, wakanuna. Mwishoni Marlène mwenyewe alishuka ndani, akapitisha mukono chini pote kama anayekagua sufuria iliyooshwa na mutoto muvivu. Mukono ulirudi mukavu.

Manowari ikashuka. Gloire alikuwa kando ya moteri, Nkonde kwenye usukani. Walipofika mbali kidogo, bato iligeuka kwa nguvu, ikalala upande mpaka wanawake wakapiga kelele. Marlène hakufunga macho. Bato ikainuka, ikasimama wima. Nkonde akaigeuza tena, upande wa pili, kwa kupenda kwake, na tena ikasimama. Saa kumi Gloire alikanyaga muchanga, mafuta kwenye mashavu, akiuliza kama kulibaki ubwali.

Watu wa Chisenga nao wamekwisha kununua chuma ya bato yao. Marlène alisoma mpaka darasa la tano tu, lakini aliwaandikia mwenyewe:

Musimwange maji ndani ya bato ya chuma.
Musitoe nusu na kusema inatosha.
Musifunge mufuniko mbele ya kupitisha mukono chini.
Musiishushe kwa sababu wakubwa wamechoka kungojea.
Musiseme ni pepo mbele ya kuuliza watu walifanya nini.
Musipandishe mutoto wa mutu kama ninyi wenyewe hamujaangalia.