Kwa Nini Fundi Hakunywa Maji

Fundi cherehani alipoinuliwa kitandani mara ya kwanza baada ya nyonga yake kuungwa, uso ulimpauka, macho yakamgeuka, na mtaalamu wa mazoezi akamlaza tena haraka. Mara ya pili ikawa vile vile. Mara ya tatu akakataa katakata.

"Niacheni na kitanda changu," alisema. "Tumeshazoeana."

Daktari hakucheka. Mzee akilala tu, mapafu huanza kujaa, ngozi ya mgongo huchubuka, na miguu husahau kazi yake. Alimwambia muuguzi wa zamu ya mchana kwamba fundi asiposimama wiki ile, hataweza kurudi nyumbani, kwa kuwa mkewe naye ni mzee na hana nguvu za kumwinua. Atahamishiwa wodi ya wagonjwa wasioinuka, na huko ni wachache wanaotoka kwa miguu yao.

"Vipimo vinaonyesha maji yamempungua mwilini, ndiyo maana kichwa kinamzunguka akiinuliwa," daktari alisema. "Dripu nimemwekea, lakini hawezi kuishi kwa dripu. Glasi anayo, mikono anayo. Kwa nini hanywi, maabara haiwezi kuniambia. Kaa naye uone."

Kukaa halikuwa jambo jepesi katika wodi ile. Muuguzi akionekana kitini huhesabiwa mvivu. Kwa hiyo alichukua kazi inayofanywa kwa kukaa, bunda la shashi za kufungia vidonda, akavuta kiti kando ya kitanda na kuanza kukunja.

Fundi alivumilia kidogo tu. "Mwanangu, unakunja kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Hebu lete hapa."

"Haya baba, nifundishe."

Alikuwa akimwita baba tangu siku ya kwanza, na mzee alilipenda neno hilo mno, hata akawatangazia wenzake kwamba amepata binti. Muuguzi aliuhesabu undugu huo kuwa mafanikio.

Wakakunja. Muuguzi hakuuliza kitu, alitazama tu. Chai ilipoletwa, fundi alilowesha midomo, akaiweka chini. Vidonge alivimeza kwa maji yasiyomtosha hata kifaranga. Kisha dereva wa lori, aliyelala kitanda cha pili, akapaza sauti: "Sista! Chupa jamani, kabla sijamwaga mzigo njiani!"

Muuguzi akampelekea chupa ya mkojo, akamvutia pazia. Aliporudi alimkuta fundi amegeukia ukutani, shashi imemkunjamana mkononi.

"Huyo hana haya," fundi alinong'ona. "Angemngoja yule mhudumu wa kiume anayeingia jioni."

"Kwani wewe unamngoja huyo, baba?"

Fundi akavuta shuka hadi kidevuni.

Jibu lilikuwa hapo, ila muuguzi hakulifurahia, maana nusu yake alikuwa ameijenga mwenyewe. Mchana wodini walihudumu wanawake watupu. Fundi alijipimia maji kama anavyopimiwa kitambaa mteja mkopaji: yasizidi yale anayoweza kuyabana mpaka jioni. Na kila alipoitwa baba, mdomo ulizidi kufungwa. Baba gani atamwomba binti yake chupa?

Akamweleza kitaalamu habari za damu, maji na kizunguzungu. Fundi alimsikiliza kwa adabu zote. "Nimekuelewa, mwanangu. Mazungumzo haya tusiyarudie."

Saa ya kutazama wagonjwa ilipofika, muuguzi alimvuta mke wa fundi kando ya dirisha, akamweleza bila kupamba. Mabega ya bibi yakaanza kutikisika. Muuguzi akadhani analia, kumbe anacheka.

"Binti, wajukuu zangu wawili wamekuzidi umri. Nani kakuambia huyu ni baba yako?" Akaenda moja kwa moja kitandani. "Mzee! Umeniletea mke mwenza bila hata kunitaarifu?"

"Mke mwenza yupi tena?"

"Huyu mjukuu wako. Unamwita mwanangu ili mimi nisishtuke!"

Wodi nzima ikaangua kicheko. Muuguzi aliiona njia, akaingia. "Bibi, mume wetu ananitesa. Nampa maji, hanywi. Anaogopa nitajua ni mzee."

"Mzee nani?" fundi aling'aka.

"Babu, nyonga mbovu nitaivumilia. Mume mkavu kama kuni, hapana."

"Achana naye, sista!" dereva akadakia. "Mimi nipo."

"Wewe tulia na mzigo wako!" Fundi akaikamata glasi na kunywa mpaka nusu, akajifuta midomo. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na hayo yatakayofuata?"

"Hayo ni kazi ya mke. Wewe ita 'bibi mdogo', mimi nitaelewa."

Kesho yake aliita mara kadhaa, tena kwa sauti ya mwenye nyumba. Vipimo vilipotulia, daktari aliitoa dripu. Siku iliyofuata muuguzi alimkalisha fundi ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia, akamshika kifundo cha mkono na kusikiliza mapigo. Hakumharakisha. Mapigo yalipotulia, alimsogezea fremu ya kutembelea.

Fundi akasimama. Uso haukupauka.

"Mbona sakafu leo haizunguki?" alisema.

Daktari alimtazama akipiga hatua hadi dirishani na kurudi, kisha akasema mzee ataruhusiwa kwenda nyumbani. Fundi hakurudi kitandani. Aligeuza fremu kuelekea chooni, muuguzi akimfuata nyuma, mikono tayari ila bila kumgusa. Mlangoni mzee akasita.

"Bibi mdogo, mwisho wako hapa."

Mlango ukafungwa. Muuguzi akabaki nje, ametega sikio: fremu ikagonga sakafu, ikatulia, na baada ya muda bomba likafunguliwa. Alitabasamu peke yake, asiondoke mpaka mlango ulipofunguliwa tena.