Nyumba Isiyo na Jirani

Mvua ilipoibomoa nyumba yake kule Koboko, Pasca alikuwa tayari anaishi Arua kwa bintiye, miguu imekataa safari. Waliomletea habari walisema udongo umerudi kuwa udongo. Akasema, "Haya," akaendelea kuchambua kunde. Lakini tangu siku hiyo alitamani kitu kimoja tu: kuingia mle ndani mara moja tena.

Ndiyo maana mjukuu wake Patience, anayetengeneza gemu za kompyuta, alipomwambia, "Bibi, nimekujengea nyumba yako," hakucheka. Alifuta mikono kwenye kitenge, akasogeza kiti.

Nayo ilikuwa ile ile. Nyasi za paa zimelegea upande mmoja. Mafiga, moshi, mtungi wa maji kwenye kona yake. Mbele inapita barabara ya Oraba, ya kwenda mpakani, nyekundu, na watu waliokimbia makwao wanaifuata na mafurushi, kama walivyokuja wakati wa vita ng'ambo ya mpaka. Kazi ya mchezaji ni kuwapokea: maji, chakula, pa kulala, mpaka wapate nguvu ya kuendelea.

"Bonyeza hapa, anakunywa."

Pasca akabonyeza. Mzee mmoja, Sebit, akanywa, akavua viatu. Akaingia mama na mtoto mgongoni.

"Karibuni, karibuni," Pasca akawaambia kwa sauti. Patience akauma mdomo asicheke.

Kisha unga ukaisha. Maandishi yakatokea, Patience akamsomea: "Chakula hakitoshi. Chagua mgeni wa kuondoka."

"Nani iko nasema hivyo?"

"Gemu, Bibi. Usipochagua, moto unazimika, nyumba inafungwa. Lazima iwe ngumu kidogo, ama watu wataichoka."

Pasca akamtazama Sebit, miguu mitupu kando ya moto. Akautazama mtungi wake. Ndiyo kwanza ameingia nyumbani! Akaondoa mkono kwenye kompyuta, akauweka mapajani. Moto ukafifia. Yakapotea mafiga, likapotea paa, kioo kikawa cheusi.

"Bibi! Si ungemtoa yule mzee? Ni picha tu."

"Koboko mimi sijafukuza mutu. Nije nifukuze hapa Arua, kwenye kiti cha plastiki?"

Patience akaifunga kompyuta. Baadaye akauliza taratibu, "Sasa unga ulipoisha, ulikuwa unafanya nini?"

"Nafunika kibuyu mlangoni."

"Halafu?"

"Halafu Mama Ezati naleta."

"Mama Ezati ni nani?"

Pasca akashtuka. Yeye mwenyewe ndiye aliyemsimulia mtoto huyu paa, mafiga, mpaka kuku aliyechechemea. Lillian, mama yake Ezati, wa nyumba ya ng'ambo ya barabara, hakumtaja hata mara moja. Nani hutaja mkono anaolia chakula? Lillian akiona kibuyu kimefunikwa kizingitini, mdomo chini, alijua unga umeisha, akavuka na ugali wa muhogo bila kuuliza wageni ni wangapi. Kibuyu chake kikifunikwa, Pasca alivuka. Hawakupatana hivyo kwa maneno. Ilikuwa hivyo tu. Lillian alizikwa kabla nyumba haijaanguka.

"Umejenga nyumba bila jirani," Pasca akasema. "Hiyo lazima ianguke."

Akamsimulia yote, kibuyu, ugali, hata bega la Lillian lililoinama, na Patience akaenda na kompyuta yake. Aliporudi, msimu wa kunde ulikuwa umepita, na Pasca alikuwa na kiti tayari.

Wageni wakaja, unga ukaisha. Safari hii hakuna aliyeambiwa aondoke. Pasca akafunika kibuyu, akangoja.

"Amechelewa."

"Subiri, Bibi."

"Nasubiri. Huyu hatoki mpaka amalize kusuka nywele."

Ng'ambo ya barabara mlango ukafunguka. Akatoka mwanamke na sahani kichwani, bega moja limeinama, vile vile. Akavuka, akasimama kizingitini. Sebit akasogea kumpisha.

"Bonyeza hapa upokee sahani. Akishatoa, anarudi kwake."

Kidole cha Pasca kilikuwa juu ya kitufe. Hakukibonyeza.

"Kaa kwanza, Mama Ezati," akasema. "Watu hawa hawana haraka."