Mbuzi wa Wamae

Kama kuna mtu mtaani Ruring'u aliyemzidi Wamae kwa ulimi mkali, basi huyo bado hajazaliwa. Kutwa nzima alichuchumaa kwenye kibanda chake cha kuziba panchari, ng'ambo ya uwanja, mikono imejaa grisi, na bado alipata nafasi ya kupangusa kidole gumba kwenye suruali ili amtusi mtu kwenye kundi la mtaa kwenye simu. Kundi lenyewe liliitwa Sauti ya Ruring'u. Lilikuwa na watu themanini hivi, na kati yao waliokuwa wakiongea hawazidi saba. Wengine kazi yao ilikuwa kusoma na kucheka.

Mwenzake wa matusi alikuwa Mbuvi, Mkamba wa Mwala, fundi wa maabara katika shule moja kule Kutus. Mbuvi aliwahi kupanga nyumba Ruring'u mwaka mmoja, akahamishwa kikazi, akaondoka na kitanda chake na sufuria zake, lakini kundini akabaki. Wamae aliingia baada ya yeye kwenda. Kwa hivyo wawili hawa walitukanana miaka mitatu mizima bila kuonana uso kwa uso.

"Mkamba, leo ni muthokoi, yale mahindi yenu ya kukoboa, ama umerogwa ukalala njaa?"

"Wewe Mkikuyu, ukipewa muthokoi ya bure utauliza kama kuna discount."

Basi ni hivyo, tangu chai ya saa nne mpaka jua linazama. Mbuvi alipougua malaria akanyamaza siku tatu, Wamae alikosa raha kabisa. Alishika simu, akaiweka, akaishika tena. Alimpenda yule mtu, ingawa angekufa kabla ya kulisema.

Mambo ya mbuzi yalianzia kwenye mpira. Mbuvi alijigamba kwamba timu yake ya Uingereza, ile ambayo kila mwaka ndio mwaka wake, ikifungwa Jumapili atamletea Wamae mbuzi mzima mpaka mlangoni. Ikafungwa tatu bila. Jumatatu asubuhi Wamae akauliza mbuzi yake iko wapi. Mbuvi akasema mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukafika, akasema mvua imeharibu barabara. Ndipo Wamae akachukua picha ya Mbuvi, ile aliyopiga kwenye harusi ya dadake akiwa na suti ya bluu na miwani, akaibandika maneno mekundu: ANASAKWA. MWIZI WA MBUZI. UKIMWONA USIULIZE MASWALI.

Watu walicheka mpaka wakalia. Mbuvi mwenyewe aliichukua akaifanya stika yake, akawa anasalimia nayo kila asubuhi. Hapo hapakuwa na ubaya wowote. Wote themanini walijua mbuzi ni ipi na mwizi ni nani.

Halafu wakaja wezi wa kweli. Mzee Wambugu aliamka akakuta zizi tupu, mbuzi wanne wamekwenda. Wiki iliyofuata ng'ombe wa mjane mmoja, ng'ombe aliyekuwa akilipa karo ya watoto, alikutwa kando ya mto amebaki kichwa na matumbo. Watu walikasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika. Kagure, mwenye duka la dawa za mifugo, ambaye ndiye aliyekuwa admin, alisambaza linki ya kundi kila mahali ili watu walinde mitaa pamoja. Kwa wiki mbili kundi likafika watu mia nne na zaidi.

Kagure akaweka sheria. Ukimwona mwizi, andika MBU na mahali ulipo, kwa sababu mbu ndiyo kelele ambayo watu wa mlima wamekuwa wakiitana nayo tangu zama za babu zao, na anayeisikia hakai ndani. Kulikuwa na sheria nyingine ambayo haikuandikwa popote, ilipita mdomo kwa mdomo tu: ukifika, unapiga. Hata kofi moja. Kila mtu atie mkono wake, ndipo polisi wakija kesho pasiwe na shahidi hata mmoja, maana nani atasimama amtaje mwenzake na yeye mwenyewe ana damu mikononi?

Benter, mwalimu wa shule ya msingi, mwenyeji wa Siaya aliyekaa Ruring'u miaka kumi na tano, alimwandikia Wamae kando. "Wamae, toa hiyo picha ya Mbuvi. Hawa watu wapya hawajui mchezo wenu."

Wamae alimjibu mbele ya watu wote. "Mwalimu, hapa hakuna madaftari. Wacha kusahihisha." Kisha akaituma ile picha tena, na tena, kwa sababu vicheko mia nne ni vitamu kuliko themanini. Mpumbavu! Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na yeye aliijua methali hiyo tangu darasa la nne.

Jumamosi moja, saa nane mchana, Wamae alikuwa akifungua gurudumu la pikapu. Simu yake ikalia mara mbili kwa mpigo. Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa Mbuvi, wa kwake peke yake. Alipoona jina tu akatabasamu, akasema matusi ya huyu yatangoja. Akafungua wa pili.

MBU. UWANJA, GETI YA CHINI. MWIZI AMESHIKWA NA MBUZI.

Alikurupuka na ile spana ya magurudumu mkononi, chuma kirefu kama mkono wa mtu mzima. Njia nzima watu walikuwa wakitoka madukani, kinyozi na mkasi, wanawake na mawe kwenye aproni, na kila mmoja akimwita mwenzake. Wamae alikimbia akiwa na hasira ya ng'ombe wa yule mjane. Alikuwa amemchangia mjane huyo, alikuwa amewaona watoto wake wakilia, na leo alitaka mtu wa kulipia yale machozi.

Getini palikuwa na watu hamsini, wakiongezeka. Mwenye bodaboda aliyemleta mwizi alishatoroka. Mbuzi, dume la madoadoa, alikuwa amefungwa ndani ya gunia la mbolea, kichwa nje, akipiga kelele kuwashinda watu. Na katikati, chini, palikuwa na mtu. Uso wake haukuwa uso tena. Ulikuwa tope na damu, jicho moja limefumba kwa uvimbe, meno yametapakaa kwenye changarawe. Kila aliyefika alipiga, akarudi nyuma, akampisha mwingine, kwa zamu, kwa nidhamu, utadhani wamepanga foleni ya mbolea ya serikali.

"Fundi amekuja! Mpisheni fundi, ako na chuma!"

Wakampisha. Yule mtu aliinua mkono wa kulia kukinga kichwa. Wamae akateremsha spana kwa nguvu zake zote, ikapata mkono juu kidogo ya kiwiko, na mfupa ukalia kama kuni kavu. Tusidanganyane: alisikia raha. Raha kutoka kifuani mpaka vidoleni. Akainua spana mara ya pili.

"Wamae!" yule mtu alilia kupitia mapengo. "Niitieni Wamae! Mbuzi ni ya Wamae!"

Umati ukavuma. "Mmesikia? Amekubali! Fundi, kumbe alikuwa amekuibia wewe! Maliza yeye!"

Lakini Wamae hakuwa na mbuzi. Maisha yake yote hakuwahi kufuga mbuzi. Spana ikabaki hewani. Akatazama chini, akaona kwamba yale matambara yenye matope yalikuwa suti, na chini ya tope ilikuwa ya bluu. Mbuvi alikuwa ameivaa makusudi, suti ile ile ya kwenye picha, ili apige picha na Wamae na mbuzi, aitume kundini, na mzaha uishe kwa kicheko kikubwa kuliko vyote.

"Ngai!" Wamae akatupa spana. "Wacheni! Huyu ni Mbuvi! Ni Mbuvi wa grupu!"

"Mbuvi ni nani?"

"Hiyo picha ni mimi nilitengeneza! Ni mchezo! Hii mbuzi ananiletea, ni yangu kweli!"

Kijana mmoja akamsukumia simu usoni. "Umetengeneza nini wewe? Hii nimetumiwa na shemeji yangu kutoka Othaya. Huyu anasakwa huko kote." Na kweli, picha ilikuwa hapo, na maandishi mekundu, na alama ya kuonyesha kwamba imetumwa mara nyingi. Ilikuwa imezunguka mlima mzima ikarudi nyumbani, na haikuwa na jina la Wamae popote.

"Kumbe wako pamoja," mtu akasema nyuma. "Fundi ndiye anawapokelea!"

Neno hilo lilitosha. Jiwe la kwanza lilimpata Wamae sikioni. Hakukimbia. Alijitupa juu ya Mbuvi akamfunika kwa kifua chake, na wao wakaendelea na kazi yao juu ya mgongo wake. Mateke. Rungu. Ubavu mmoja ukavunjika, ukafuata wa pili. Chini yake alimsikia Mbuvi akipumua kwa kukoroma, na pumzi ile ndiyo aliyoishikilia. Alijiambia kwamba akiacha kuisikia, hata yeye na wammalize tu.

"Kibandani kwake kuna petroli! Ile ya kusafishia!"

Watu walijua. Walikuwa wateja wake. Baada ya muda mfupi alisikia baridi ikimwagika mgongoni, ikampenya kwenye vidonda mpaka akapiga ukelele, na harufu ilikuwa ya chupa yake mwenyewe.

"Kiberiti! Nani ako na kiberiti?"

"Mwai Gathogo!"

Ilikuwa sauti ya mwanamke, sauti iliyozoea kunyamazisha darasa la watoto sitini. Benter alikuwa amesimama juu ya ukuta mfupi wa geti, leso kiunoni, malapa miguuni, simu imeelekezwa kwao.

"Mwai Gathogo, weka hicho kiberiti chini! Nilikufundisha kuandika jina lako, nitaliandika na mimi. Kinyozi, nakuona. Mama Shiru wa mboga, nakuona. Wewe wa jaketi ya kijani, geuza uso, bado nakuona."

"Mwalimu, kuja upige kama wengine!" mtu akafoka. "Ama wewe pia ni wao?"

"Sipigi!" Benter akainua juu mkono usio na simu. "Sijatupa hata changarawe. Mikono yangu hii hapa, tazameni, ni safi. Mimi ndiye shahidi. Mkitaka nisiwe shahidi, itabidi mniue na mimi, na hapa ni mchana, na watoto wenu wananiita mwalimu."

Akaendelea kutaja majina, moja baada ya jingine, kama anaita rejista. Kila aliyetajwa alishusha mkono. Walioko nyuma, ambao hawakutaka kutajwa, walianza kuondoka, kwanza polepole, halafu kwa haraka. Kiberiti kikaanguka. Ndani ya dakika chache pale getini wakabaki watu watatu na gunia tupu, kwa sababu mbuzi pia alikuwa ameondoka na mtu.

Wakiwa ndani ya gari la kuwapeleka hospitali, Wamae alitoa simu yake iliyopasuka kioo akafungua ule ujumbe wa kwanza. "Fundi nimefika hapa uwanjani na mbuzi yako. Kuja haraka, watu wananiangalia vibaya."

Jioni hiyo mtu mmoja alituma kundini picha ya nyama ikiiva juu ya makaa. Mbuzi ya mwizi ni tamu, mtu aliandika. Vicheko mia mbili. Kesho yake, habari zilipojulikana, Kagure akafuta picha zote na kuandika kwamba kundi lisiongelee mambo ya Jumamosi. Polisi walikuwa na majina kumi na sita waliyopewa na Benter, lakini Benter alifika getini Wamae akiwa tayari amelala juu ya Mbuvi. Hakuwa ameona spana ikishuka. Walioiona walikuwa wamenyamaza, kila mtu na mkono wake.

Siku ya tano Wamae aliruhusiwa kuingia wodi ya Mbuvi, akitembea ameshika mbavu. Taya la Mbuvi lilikuwa limefungwa kwa waya. Jicho la kushoto madaktari walikuwa wamelitoa. Mkono wa kulia ulikuwa ndani ya plasta mpaka begani, na daktari alikuwa amesema vidole vile huenda visishike tena hata kijiko, sembuse chupa za maabara. Ilikuwa mara ya kwanza wanatazamana vizuri.

Mbuvi alichukua simu kwa mkono wa kushoto akaandika, herufi moja moja, akamgeuzia.

"Mkono alivunja nani?"

Miaka mitatu Wamae hakuwahi kukosa jibu kwa Mbuvi. Angeweza kusema sijui, walikuwa wengi. Wodi nzima ingemwamini, kwa sababu hapo wote walimjua kama mtu aliyejilaza juu ya rafiki yake.

"Ni mimi," akasema. "Na spana. Sikujua ni wewe."

Mbuvi alimtazama kwa lile jicho moja. Kisha akarudi kwenye simu, akaandika polepole, na simu ya Wamae ikalia mfukoni. Mbuvi alikuwa ameandika kundini, mbele ya watu mia nne, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

"Wanaruring'u, ile mbuzi ilikuwa ya Wamae. Aliyebaki na mguu ampelekee."

Wamae akacheka. Kilimtoka tu, kicheko cha mazoea, kikamchoma mbavu. Alipoinua macho akaona Mbuvi hacheki. Watu walianza kutoka kundini, mmoja, halafu watano, majina yakiteremka kwenye kioo kilichopasuka kwa kasi hata hayasomeki. Kisha ukaingia ujumbe mwingine, wa kwake peke yake.

"Sasa toka. Nisikuone tena."

Wamae alitoka. Alishuka mpaka Ruring'u akaingia kibandani, akaitafuta spana pale mtu mmoja alipokuwa ameirudisha kwa wema na kuiegemeza ukutani, ikiwa imeoshwa vizuri. Akaifunga kwa gazeti, akarudi nayo mjini mpaka kituo cha polisi, akaiweka mezani mbele ya afisa wa zamu.

"Kwa ile orodha ya mwalimu," akasema, "niandike wa kumi na saba."